Nondo wa Ghala na Nondo wa Shamba

Jumatatu moja ya mwaka 1954 Kulthumu aliingia katika ofisi ya pamba mjini Baraka, akaweka kopo la bati juu ya meza ya karani Casimir. Ndani mlikuwa na nondo wakavu, aliowakamata kwa majuma matatu. Kaka yake, Waziri, alikuwa amefungwa miezi miwili katika gereza la Fizi kwa kutong'oa mashina ya pamba ya mwaka uliopita. Agronomu, mzungu aliyesimamia pamba, alisema nondo walioharibu mashamba yote ya kando ya ziwa walizaliwa katika mashina hayo.

"Ile yenye ilikula pamba ya bantu bengine haiko sawa na ile ya shamba ya Waziri," Kulthumu alisema. "Angalia, karani."

Casimir alichukua lenzi. Nondo wote walikuwa na rangi ya majivu, wadogo kama punje ya mpunga. Aliwatazama mpaka adhuhuri. Baadhi walikuwa na doa jeusi kwenye bawa la mbele. Wengine hawakuwa nalo, na mabawa yao ya nyuma yalikuwa na ukingo mweupe. Akawachoma pini ubaoni, safu mbili, akamwita agronomu.

Agronomu alikubali kwamba ni aina mbili, ila hakuna ajuaye kila aina ilitoka wapi.

"Bafungulie dirisha," Kulthumu akamwambia Casimir.

Nondo wakajing'oa ubaoni na pini zao, wakatoka. Wenye ukingo mweupe walielekea shambani kwa Waziri. Wenye doa walivuka ua, wakapita chini ya mlango wa ghala la mbegu za serikali. Agronomu alipofungua, aliwakuta wametulia juu ya magunia, kila mmoja na pini mgongoni.

Aliandika yote daftarini bila kuficha neno. Akamwagiza Casimir akusanye pini, maana zilitoka Ulaya. Kulthumu alipoomba kaka yake afunguliwe, alijibiwa kwamba Waziri alifungwa kwa ajili ya mashina, si nondo, na mashina kweli hakuyang'oa.

Kesho yake Kulthumu alipanda kwenda Fizi kwa miguu. Mlinzi wa gereza alimruhusu maneno machache tu. Kulthumu hakuuliza habari za afya. Alimweleza Waziri doa liko bawa gani, na nondo walipita mlango upi.

"Rudilia," Waziri alisema. "Mi nataka nishike yote."

Akarudia.

Msimu wa kupanda ulipofika, mbegu za ghala lilelile ziligawiwa kwa wakulima. Waziri, aliyemaliza kifungo mpaka siku ya mwisho, alipokea fungu lake. Akalimwaga chini mbele ya dirisha la agronomu, akaketi na dada yake kutenga mbegu zilizotobolewa na viwavi wa nondo. Waliokuwa nyuma yao kwenye mstari wakamwaga za kwao.