Biira Yupi?

Kila mtu Bwera, mji wa mpakani na Kongo, anaujua ukweli huu na kila mtu anajitia hamnazo: siku za soko la mpakani, Jumanne na Ijumaa, haviuzwi vitunguu na vitenge tu. Madereva wa malori hulala nyumba za wageni zilizo nyuma ya maegesho, na hawalali peke yao. Biira alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na minne. Hakuipenda, wala hakuililia. Ilikuwa imemlisha, ikamjengea mama yake vyumba viwili kule Kilembe baada ya mto Nyamwamba kuzoa vile vya kwanza, na ikamfundisha kumsoma mwanamume kabla mlango haujafungwa.

Mama yake hakujua. Alijua Biira anauza vitenge. "Watu wanasema mengi juu ya wanawake wa Bwera," alimwambia siku moja akimenya ndizi, macho hayainui. "Nikisikia wewe ni mmoja wao, hata kunizika usije." Tangu siku hiyo Biira alikuwa radhi aitwe jina lolote, mradi jina hilo lisivuke njia panda ya Kikorongo kwenda upande wa mama yake.

Basi ikaundwa kamati, nayo ikajiita Kamati ya Maadili ya Mpakani. Mwenyekiti wake, Mzee Crispus, alikuwa mtu wa tai hata kwenye jua kali. Alisema biashara ya mwili haitakwisha kwa fimbo, kwa hiyo iandikishwe, ipimwe, isimamiwe. Kila mwanamke apewe kadi yenye picha, apimwe kila baada ya wiki mbili, na mwenye kadi asikamatwe. Ukisikia haraka utapiga makofi. Biira mwenyewe alikuwa amechoka kuitwa mhalifu, na alitaka sheria ibadilike kuliko Crispus alivyotaka. Lakini alipouliza, "Na mteja akinipiga, hiyo kadi itamfanya nini yeye?" karani wa kamati, Yonasani, alifunua karatasi zake mbele na nyuma, akajibu kwamba hilo halimo.

Wanawake ishirini na wawili wakakaa uani mwa nyumba ya wageni kuamua kama watatoa majina. Biira, aliyekuwa kiongozi wao, alisema wasitoe. Aliyempinga ni Benedicte, binti wa Butembo aliyevuka mpaka akikimbia vita, na ambaye Biira ndiye aliyempokea na kumlaza chumbani kwake miezi mitatu ya kwanza.

"Yaya Biira, miye niko nataka ile karte," Benedicte alisema; yaya kwao ni dada mkubwa. "Ule mwezi ulipita, shofere wa lori alinipiga, akabeba simu yangu. Nikafika kwa polisi, bakanicheka. Bakaniuliza, weye uko nani? Sikukuwa na karatasi hata moja ya kubaonyesha. Mutu mwenye karte, ule ni mutu."

"Mdogo wangu, hiyo kadi haitasema wewe ni mtu. Itasema wewe ni malaya, na picha yako juu."

"Iseme! Sasa si banasema bure, bila karte?"

Wanawake wakacheka. Biira alijua kukataa, ila hakuwa na kitu cha kumpa Benedicte badala ya kadi. Wakainua mikono, Biira akashindwa. Na kwa kuwa kiongozi hawezi kuwatanguliza wenzake mtoni yeye akabaki ukingoni, alikuwa wa kwanza kutoa jina lake. Yonasani aliapa kwa Biblia ya mezani kwamba orodha itakaa kabatini, chini ya kufuli. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Sasa, Yonasani ni Mkonzo, kama wenyeji wengi wa hapa, na aliandika kama Mkonzo anavyoandika. Kwa Wakonzo jina huja kwa zamu ya kuzaliwa: binti wa kwanza Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho, wa nne Mbambu. Ukiita Kabugho sokoni wanageuka kumi, na kila mmoja anakuuliza unataka nini. Wanawake walitaja majina yao hivyo hivyo, naye akayaandika hivyo hivyo, Biira, Masika, Masika, Kabugho, bila jina la pili, bila mtaa. Hakuna aliyeona kasoro, maana wote walizaliwa ndani ya utaratibu huo. Katikati ya majina hayo likakaa moja la Kizungu: Benedicte.

Jumatano asubuhi orodha ilikuwa ubaoni, nje ya ofisi ya kamati, chini ya maneno "Makahaba Watakaosajiliwa. Mwenye pingamizi alete." Crispus ndiye aliyeamuru itoke kabatini, ati wananchi wana haki ya kujua.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kufikia adhuhuri, hakuna nyumba iliyokuwa na amani. Mwalimu wa dini alimuuliza mkewe Mbambu huwa anakwenda wapi Ijumaa. Muuza vitunguu mmoja, mama wa watoto sita, aliitwa malaya na mumewe mbele ya wakwe kwa kosa la kuzaliwa binti wa tatu. Alhamisi, kamati ilipofungua ukumbi kusikiliza pingamizi, watu walijaa mpaka madirishani.

"Kabugho yupi?" mwanamume mmoja alifoka. "Sema Kabugho yupi! Mimi bibi yangu iko Kabugho!"

"Na huyu Masika?" sauti ya mama mmoja ikadakia. "Mama yako wewe, mwenyekiti, si iko Masika?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Crispus akalegeza tai. Biira alikuwa benchi la nyuma na wenzake, na moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza tangu jana. Ujinga wa Yonasani ulikuwa umemficha kuliko kufuli lolote. Angekaa kimya, orodha ingekufa kwa aibu yake yenyewe, na mama angeendelea kumenya ndizi kwa amani. Alikuwa karibu kucheka na wengine.

Ndipo mwenye duka moja la saruji akasimama, kidole juu. "Lakini hii moja iko wazi. Benedicte. Hapa Benedicte iko moja tu, ile Mukongomani. Iko pale nyuma!"

Shingo zote zikageuka. Ungeona jinsi nyuso zilivyopata nafuu, kwani aibu yote ya ukumbi sasa ilikuwa na mahali pa kutua. Hata yule mwalimu wa dini alishusha pumzi.

"Peleka yeye daraja ya mpaka! Arudi kwao!" watu walipaza sauti.

"Tulieni, wazazi," Crispus alisema, na sauti yake ilikuwa imepona kabisa. "Kama shida iko ya mtu mmoja, tena si mwananchi, hii kitu inaisha leo. Afande atamsindikiza mpaka daraja."

"Wewe! Simama! Toka!" askari aliyekuwa mlangoni aliamuru.

Benedicte akasimama. "Munanirudisha wapi? Nyumba yetu baliichoma. Sina hata mutu kule." Akaanza kutoka kwenye benchi, akipita magotini mwa wenzake, na hakumtazama Biira hata kidogo. Angeweza kumnyooshea kidole, kwamba huyu naye yumo, huyu ndiye kiongozi. Hakumtazama, asije akamtambulisha.

Hilo ndilo lililomchoma Biira. Alimfikiria mama yake. Aliogopa, na ule woga ukamkasirisha, akasimama.

"Mwenyekiti, Biira wa ubaoni ni mimi."

Crispus alikunja uso. "Dada, Biira iko mingi hapa. Kaa chini. Hakuna mtu amekuuliza."

"Basi niulize! Biira yupi? Biira binti Nzanzu, mzaliwa wa Kilembe. Baba yangu alichimba shaba pale mpaka mgodi ukafungwa. Kitambulisho changu cha taifa hiki hapa. Huyu mnampeleka darajani kwa kazi ninayofanya mimi. Haya, mimi mnanipeleka daraja gani?"

"Nyamaza, malaya!" mtu alipiga kelele.

"Hilo nimelizoea, baba, tafuta jingine." Wachache wakacheka, wakajikaza. Biira hakungoja. "Mnataka sheria? Na sisi tunataka sheria. Tunataka mtu akinipiga ashikwe yeye, nisishikwe mimi. Tunataka kupimwa bila kubandikwa ukutani. Lakini ninyi mlianza na orodha, tena ya upande mmoja, kana kwamba kazi hii tunaifanya na ukuta. Miaka kumi na minne nimeyatunza majina yenu, na leo pia sitayataja. Ninyi majina yetu yamewashinda kutunza siku mbili!"

Wanaume kadhaa waligundua kwamba mabati ya ukumbi yana mengi ya kutazamwa. Wenzake Biira walikaa wameinamisha vichwa, hakuna aliyesimama, naye hakuwalaumu. Aliyesimama ni yule muuza vitunguu wa watoto sita.

"Mimi na hawa si dini moja wala kazi moja," alisema, "na kazi yao mimi siipendi. Lakini tangu jana naitwa malaya nyumbani kwangu kwa sababu ya karatasi yenu. Yonasani, toa hiyo karatasi. Sasa hivi, niko naona."

Yonasani alimtazama Crispus, Crispus akatazama meza. Karani akatoka, na kupitia dirishani watu wakamwona akiibandua. Biira alimshika Benedicte mkono, wakatembea mpaka mlangoni. Askari alimtazama mwenyekiti akingoja amri, amri haikuja, akasogea pembeni.

Nje, jua lilikuwa kali. Benedicte alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Yaya, sasa ile karte yangu?"

"Hata sasa unaitaka?"

"Niko naitaka. Ila si ile yao."

"Basi hiyo tutaidai pamoja," Biira alisema, na alimaanisha.

Saa tisa simu ikalia. Ilikuwa mama. Habari ilikuwa imepanda teksi ya mchana na kushuka Kilembe kabla ya magunia.

"Biira, iko mtu hapa ametoka Bwera. Anasema kuna Biira amesimama mbele ya watu akasema mambo." Mama alikohoa. "Nimemwambia Biira ni wengi kule. Si ni wengi?"

Biira aliisikia ile sauti. Mama hakuwa anauliza, alikuwa anamsihi. Angesema "ndiyo" tu, na wote wawili wangelala.

"Ni wengi, mama," alisema. "Lakini huyo ni mimi."

Kule upande wa pili ikasikika pumzi, na kuku, kisha simu ikakatika. Biira hakujua kama ni mama aliyekata au ni lile bonde la Kilembe, ambalo mtandao wake haujawahi kuaminika. Akapiga tena.