Milango ya Bluu

Vitus alipofariki, ndugu zake walikaa kikao Kalenga na kuamua kwamba lori lake liuzwe chuma chakavu. Devota, mjane wake, hakubishana. Kesho yake alipanda usukani, akaliteremsha mwenyewe hadi gereji ya Saulo, Ipogolo.

"Kamwene, mama," Saulo alimpokea, huku akizunguka lori. "Injini nzima. Ila hii milango!"

Milango ilikuwa imejaa mawimbi. Kila ilipobonyea, marehemu aliigonga kwa ndani na kuziba mabonde kwa puti, mwaka hadi mwaka.

"Nitakupigia rangi nyeupe isiyong'aa," Saulo alisema. "Inaficha."

"Nataka bluu iliyokolea. Ya kung'aa."

"Mama, bluu ya kung'aa haifichi kitu. Kila wimbi litaonekana toka barabarani."

"Basi tuyatoe mawimbi."

Saulo alicheka, akidhani ni utani. Haukuwa utani. Waliing'oa milango, wakakwangua puti ya zamani mpaka bati likabaki tupu. Saulo alishika kipande cha chuma upande wa nyuma, akagonga kwa nyundo ndogo mbele, taratibu, bati lisije likatanuka na kulegea. Kisha akapaka puti mpya, nyembamba, na juu yake akapuliza vumbi la rangi nyeusi.

"Sasa ni msasa," alisema, akiuzungushia kwenye ubao mrefu ulionyooka. "Usitumie kiganja, kiganja kinafuata bonde. Weusi ukibaki mahali, hapo bado ni shimo."

"Lete huo ubao."

Devota alisugua kimshazari, akageuza, akasugua tena. Mabega yalimuuma hata kuinua kikombe cha chai ikawa kazi. Weusi ulipobaki, walirudia puti, naye akaanza upya. Watu wa barabarani walisimama kumtazama mwanamke aliyevaa nguo za msiba, mweupe kwa vumbi hadi kope.

Mlango wa pili ulikuwa bado kwenye magogo alipotokea Silvester, mdogo wa marehemu, na mnunuzi wa vyuma.

"Shemeji, unapamba maiti?" Silvester aliuliza. "Lori ni la ukoo."

"Wakati nalala chini yake mlimani Kitonga, tukisubiri spea, huo ukoo ulikuwa wapi?" Devota hakuacha kusugua. "Tulilinunua mimi na Vitus. Hapa hakiuzwi kitu."

"Mjane na lori, wapi na wapi?"

"Njoo barabarani utaona."

Silvester alimgeukia fundi. "Acha kazi hii."

Saulo alitazama chini. Ugomvi wa ukoo huweza kufunga gereji ya mtu. Lakini aliuona mlango ule, umenyooka kama maji ya bwawa asubuhi, akasema polepole, "Mama ndiye aliyelileta. Ndiye atakayelitoa."

Mnunuzi aliondoka kwanza. Silvester alibaki kidogo, akatukana, akaondoka pia.

Rangi ilipokauka, Devota alipakia vitunguu na kupita Kalenga mchana kweupe, polepole, katikati ya kijiji. Taswira za nyumba za jirani zilipita kwenye milango yake inayong'aa bila kupinda. Silvester alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya mama yake, mikono kiunoni. Devota alipiga honi ndefu.

Bibi Matilda, mama mkwe wake, ambaye kikaoni hakufungua kinywa, alitoka akijifunga mtandio. Alipita pembeni ya mwanawe, akaja hadi kwenye lori na kuulaza mkono juu ya ile bluu.

"Unakwenda wapi?"

"Mbeya, mama. Sokoni Mwanjelwa."

"Binti yangu yuko huko. Nifungulie."

"Mama!" Silvester aliita. "Lori hilo tuna maneno nalo!"

"Yaseme," bibi alijibu, akiinua mguu kutafuta ngazi. "Sisi tunachelewa."

Devota alimvuta mkono akapanda, akaufunga mlango, akatia gia.