Mguu wa Kulia wa Jongoo

Shangazi alikuwa akisoma kwa sauti, kalamu ya risasi ikifuata mstari wa herufi nene alizoziandika mwenyewe. Alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi, na makala hii ya jongoo mpya alitaka iondoke mezani kwake kabla hajarudisha funguo za chumba.

"Jenasi mpya. Mwili mweupe, mfupi kuliko punje ya mchele. Kichwa hakina macho, wala alama ya mahali yalipopaswa kuwa." Akashusha miwani. "Anatembea gizani maisha yake yote na hajikwai. Wewe mwenye macho mawili na taa juu, jana ulipiga teke ndoo."

"Ndoo ilikuwa njiani, Shangazi."

"Ndoo haina miguu, baba. Wewe ndiye uliyeifuata."

Mchoraji alicheka kidogo, kwa adabu. Alikuwa mtoto wa kaka yake Shangazi, na ni Shangazi aliyemwingiza katika jumba hili la makumbusho na kumfundisha kushika sindano bila kutetemeka. Alijua sentensi inayofuata.

"Miguu ya uzazi ya dume inafanana, kulia na kushoto." Shangazi akagonga mchoro kwa ukucha. "Hii ndiyo picha. Hapa hata mpinzani atanyamaza."

Majongoo wadogo kama hawa hufanana sana kwa nje. Kinachowatofautisha ni jozi moja ya miguu ambayo dume hutumia kupandia. Kila kundi lina umbo lake, kama meno ya ufunguo. Katika udongo wote waliouchekecha, dume alikuwa mmoja tu. Na kile kichaka walichokichimba sasa kilikuwa kimesawazishwa na kumwagwa kokoto za barabara.

Utaratibu wa chumba hicho ulikuwa mmoja. Unautoa mguu wa kushoto, unauchora, na wa kulia unauacha mwilini, ili mwenye shaka aje atazame mwenyewe. Mchoraji alikuwa ameufuata hivyo kwa miaka. Safari hii mchoro wa kushoto ulimpendeza mno, akatamani kuuweka na mwenzake, yote miwili ikionekana kwa nyuma. Akautoa wa kulia. Ulinata kwenye ncha ya sindano, na kabla sindano haijafika kwenye kisahani cha spiriti, haukuwepo.

Alikuwa amepangusa meza kwa brashi yenye unyevu, akapiga magoti, akakagua vumbi lote chini ya hadubini. Alipata unywele na chembe ya sukari. Kisha akaweka karatasi ya kunakilia juu ya mchoro wa mguu wa kushoto, akaugeuza, ukawa wa kulia.

Shangazi aliandika sentensi yake kutoka kwenye mchoro huo. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na aliuamini mkono wa mtoto wa kaka yake kuliko macho hayo.

"Niwekee jongoo," alisema sasa, akivuta kiti kwenye hadubini. "Nitaona ukungu mtupu, najua. Lakini nimuage."

Mchoraji akachukua kichupa alimokuwa jongoo. Angeweza kumwekea. Shangazi asingeona kilichopo wala kisichokuwepo, angeshukuru, na makala ingeondoka mchana huo. Kizibo kilikuwa tayari kati ya vidole vyake.

"Shangazi, ngoja. Mguu wa kulia haupo. Niliutoa, ukanipotea."

Shangazi hakugeuka. "Lini?"

"Jumatatu."

"Na huu uliochorwa?"

"Niligeuza wa kushoto."

Mtu alipita koridoni akisukuma toroli lenye gurudumu bovu. Wakamsikia mpaka alipofika mwisho.

"Sawa," Shangazi akasema taratibu. "Lakini wewe uliuona kabla haujapotea. Ulikuwaje?"

Mchoraji alikumbuka sindano, mwanga, hata kiu aliyokuwa nayo. Mguu wenyewe hakuukumbuka. Ulikuwa mbele yake, mkubwa kwenye lenzi kama tawi, naye alikuwa akiwaza picha.

"Sikuutazama," akasema. "Nilijua utakuwa kama ule mwingine."

Shangazi akaivuta makala na kuifuta sentensi. Kifutio kilichukua muda. Juu ya weupe uliobaki akaandika: mguu wa kulia haujulikani.

"Hapana," mchoraji akasema. "Hivyo ni kama hatukuwahi kuwa nao. Andika ulipotea wakati wa kuchorwa."

"Jina la kwanza hapa ni langu. Watasema kizee kilipofuka kikapoteza."

"Basi andika umepotezwa na mchoraji."

Shangazi akamtazama, au akatazama upande aliposimama. Kisha akamsukumia kalamu.

"Andika mwenyewe. Na uvute karatasi mpya, picha haiendi hivi."

Aliandika, akamweka jongoo chini ya lenzi. Halafu akauchora mguu wa kushoto upya, peke yake, huku Shangazi ameinamia hadubini akimtafuta jongoo, akizungusha skrubu mbele na nyuma, bila kumwomba amsaidie.