Joto la Nyumba ya Bibi Tusekile

Itangazwe kwa mataifa yote, kwa falme na mamlaka, na kwa wakazi wa Masukulu walio karibu, kwamba Jumamosi moja ya mwezi wa Juni ilizinduliwa nyumba ya kisasa kuliko zote zilizowahi kusimama kati ya migomba ya Rungwe. Wageni waliokuja kuizindua walikula sebuleni wakiwa wamevaa makoti. Mchungaji alipobariki chakula, baraka ilimtoka mdomoni kama mvuke mweupe, ikaelea juu ya sinia la ndizi, na watu wakaitikia amina huku wamekumbatia vikombe vya chai.

Nyumba ilikuwa ya Hezekia, ofisa mstaafu aliyefanya kazi Dar es Salaam tangu ujana wake. Ramani alikuja nayo kutoka hukohuko. Ilikuwa na paa la kuficha, dari ya jipsam iliyo juu kama ya kanisa, marumaru nyeupe mpaka jikoni, na madirisha mapana yaliyotazamana ili upepo wa bahari upite katikati. Upepo wa bahari haukufika. Ulikuja wa Mlima Rungwe, ukapita katikati kama ramani ilivyoagiza.

"Nyumba nzuri mno hii, Mzee Hezekia," alisema Mama Mwantum, fundi wa mapazia kutoka Tukuyu mjini, ambaye wazazi wake walitokea Tanga. "Kule kwetu Tanga ingefaa kweli."

"Ahsante sana," alisema Hezekia, ambaye alisikia sehemu ya kwanza tu.

Tulia, binti yake wa mwisho, alikuwa likizo. Alisoma shule ya bweni, ambako alikuwa amejifunza fizikia kidogo na utundu mwingi. Alikaa karibu na Bibi Tusekile, mama yake Hezekia, akamwona amekunja miguu juu ya kiti ili isiguse marumaru.

Siku moja kabla ya uzinduzi, nyumba ya Bibi ilikuwa imebomolewa ili wageni wasiione. Ilikuwa nyumba ya mianzi na udongo, yenye paa la nyasi, aliyoijenga marehemu Babu alipomwoa. Vibarua walishusha nyasi, wakang'oa mianzi, wakasawazisha kiwanja, wakaondoka kabla ya chakula cha mchana. Nyumba ikawa imekwisha. Joto lake lilibaki limesimama palepale.

Kuku ndio waliotangulia kulitambua. Jioni ile walipanda hewani kama walivyozoea kupanda darini, wakajipanga juu ya mahindi yasiyokuwapo, wakaficha vichwa chini ya mbawa. Mvua ilipokuja haikuanguka pale. Iliteremka ikatelezea pembeni, ikawa inadondoka kwa mstari pale zilipokuwa ncha za nyasi. Bibi Tusekile alitazama kidogo, akachukua kigoda chake, akaingia ndani kuchambua maharage.

Kulikuwa na utaratibu wake. Aliyeikumbuka nyumba aligonga kichwa asipoinama, kwa sababu mlango ulikuwa mfupi. Aliyeisahau alipita ukutani bila habari. Mama Mwantum, ambaye kila alipofika Masukulu alipitia hapo kunywa mtindi, aligonga paji la uso.

"Pole," alisema Bibi kutoka ndani.

"Ah, na wewe na mlango wako huu, Bi Tusekile!" alisema Mama Mwantum akijisugua. Kisha akaketi chini, akavua koti.

Tulia aliinama akaingia. Mle ndani mlikuwa vilevile kama alipokuwa mdogo: harufu ya moshi wa kuni, harufu ya mahindi ya darini, na lile joto lililotokea upande wa ukuta. Udongo ulikuwa ukiunywa moto jioni nzima, halafu ukiurudisha taratibu mpaka majogoo. Zamani, alipoletwa likizo akiwa bado hajaota meno ya mbele, alilala kati ya Bibi na ukuta, akiamini kwamba vyote viwili vinakoroma.

Bibi alipewa chumba kikubwa kuliko vyote katika nyumba mpya. Alipewa kitanda cha futi sita na mablanketi matatu, na hapo akaanza kukohoa. Tabibu alimwandikia dawa, akamwagiza akae mahali penye joto. Dawa zilipatikana.

"Mwanangu," Bibi alimwambia Hezekia, "niache nikalale kwangu."

"Kwako ni hapa, Mama."

"Hapa ni kwa wageni."

"Mama, pale hakuna ukuta! Watu wakipita barabarani watamwona mama yake Hezekia amelala nje kama mbuzi. Uso wangu nitauweka wapi?"

"Uso uweke utakapo. Mimi natafuta pa kuweka miguu."

Hezekia alikataa. Hakukataa kwa ukali. Alimnunulia soksi.

Kikohozi kikashuka kifuani, na Tulia akaamua kulihamisha joto. Kwanza alitandaza blanketi mle ndani, akalikunja upesi, akakimbia nalo. Lilidumu mpaka kwenye korido. Siku iliyofuata alilijaza kwenye chupa ya chai, akaifungulia kitandani kwa Bibi. Ikatoka harufu ya maharage, na sauti ya Babu akisafisha koo, kisha marumaru ikavinywa vyote. Mwishowe alichukua kuku waliokuwa wamelala kwenye lile joto akawalaza chini ya mablanketi, mmoja miguuni na wawili ubavuni. Habari za mashuka hazitaelezwa hapa.

"Acha, mjukuu wangu," alisema Bibi. "Joto hilo halina shida. Miye ndiye niliyehamishwa."

Kwa kuwa kile kiwanja kilikuwa kimesawazishwa vizuri, Hezekia alianza kuegesha gari lake hapo. Liliingia kupitia ukutani bila taabu, maana alikuwa ameisahau kabisa nyumba aliyozaliwa. Aligundua tu kwamba asubuhi gari lake huwaka mara moja, wakati ya wenzake yanasukumwa. Alilisifu mbele ya watu.

Tulia alilitazama gari muda mrefu, kisha akamwendea Bibi.

"Bibi, mtu akilala ndani ya gari, amelala nje?"

Bibi alifikiri. "Lina mlango?"

"Minne."

"Basi ni nyumba."

Wiki ile kikohozi kilipungua. Hezekia alimwona mama yake akinywa uji bila kukatishwa, akafurahi. "Unaona, Mama? Umeanza kuizoea nyumba."

"Ndaga," alisema Bibi, yaani ahsante, akaendelea na uji wake.

Asubuhi moja Hezekia aliwahi kuamka, akapita chumbani kumjulia hali. Alisimama kando ya kitanda akasema shikamoo. Marahaba haikuja. Akasema tena, kwa sauti zaidi, akaudhika, akafunua blanketi. Ulikuwa mto uliofungwa kilemba. Chumbani kwa Tulia alikuta mito miwili iliyopangwa kwa ustadi wa bwenini, hata goti limekunjwa.

Funguo za gari hazikuwapo mahali pake. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akafungua mlango wa dereva. Bibi alikuwa kiti cha pili, amekilaza, anakoroma. Tulia alikuwa nyuma, miguu dirishani.

"Nani amempa Bibi yako funguo?"

"Ni mimi, Baba."

"Na mito?"

"Ni mimi."

"Na wewe mwenyewe unatafuta nini humu? Huna kitanda?"

Shuleni Tulia hakuwahi kukiri jambo lolote lisilo na mashahidi wawili. "Nilitaka nisikie Bibi akikoroma upande huu," alisema, "na ukuta upande huu."

Hezekia alifungua mdomo. Kabla hajasema, Bibi alitamka bila kufumbua macho, kama alivyotamka kila asubuhi ya masika kwa kijana aliyekuwa akisita kwenda kuteka maji: "Hezekia, ingia au toka. Unatoa joto."

"Ndiyo, Mama," alisema Hezekia, na alipoinua kichwa kikagonga juu ya mlango wa nyumba aliyozaliwa.

Alijishika utosi. Akaketi kwenye kiti cha dereva, akafunga mlango polepole, na hakutoka mpaka jua lilipopanda.

Alipotaka kwenda mjini, gari lilirudi nyuma hatua chache likagonga ukuta. Bampa likabonyea. Alijaribu upande wa mbele, vilevile. Akaita bodaboda.

Bibi alimwambia kwamba mianzi ingalipo bondeni, na udongo haujaenda popote, kwa hiyo wangeweza kulivisha joto lile nguo zake. Hezekia alisikitika kwa dhati. Alisema haiwezekani: mtu mwenye nyumba ya paa la kuficha akionekana anakandika udongo, Masukulu nzima itasema amefilisika. Wakaendelea kulala garini, wote watatu. Kila jioni Hezekia huwasha taa zote za nyumba mpya, hufungua mapazia, na kuacha redio ikiongea sebuleni, ili wapita njia wajue anapoishi.

Siku ya mwisho ya likizo, giza likianza kuingia, Mama Mwantum alileta pazia lililosalia. Alibisha hodi kwenye nyumba iliyowaka taa, akajibiwa na taarifa ya habari. Akazunguka nyuma, akainama, akagonga kioo cha gari.

"Jamani! Jumba lote lile, na ninyi mmejibana humu?"

Hezekia alishika usukani kwa mikono miwili. "Tunatoka kidogo," alisema.

"Mnatoka kwenda wapi, na Bi Tusekile amevaa nguo za kulalia?"

Hezekia akatazama mbele, kama mtu aliye kwenye mlima mkali. Tulia akateremsha kioo kidogo tu, joto lisitoke.

"Hatuendi popote, Mama Mwantum," alikiri. "Tumeshafika."