Mouzaoir Wawili

Ramlati alikuwa uani akikuna nazi, kule Mutsamudu, wakati kaka yake Mouzaoir alipotoka chooni mara mbili. Wa kwanza alinuka wiski na mikono ilimtetemeka. Wa pili hakunuka kitu. Aliinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani.

"Fungeni mlango, mnaingiza nzi," akasema Ramlati, akaongeza muhogo sufuriani.

Mouzaoir alikuwa mfagiaji Moroni, kwenye kambi ya Wazungu wa kukodiwa, wale waliokuja na bunduki kumrudisha rais kisha wakasahau kuondoka. Chumba kimoja hakuruhusiwa kukifagia. Kila alipouliza ni nani anayelia mle ndani, ofisa mmoja alimmiminia gilasi. Mwishowe alirudi nyumbani na vilio masikioni na kiu kooni. Akinywa, vilio vilipungua. Ulevi ukimtoka, vilirudi na ndugu zao.

Daktari wa Moroni alimwambia: acha pombe kwanza, ndipo nitibu kichwa. Mzee wa Ouani, mji wa jirani, anayewaachisha watu pombe kwa dua, alimwambia: mwenye kusikia sauti simgusi, kichwa kitulie kwanza. Basi Mouzaoir, ambaye tangu utotoni hakupenda kumsumbua mtu, akajigawa.

Ramlati alimwacha mnywaji Ouani, akapanda meli na msikilizaji hadi Moroni. Daktari alimnusa, akaridhika.

"Haya, unasikia nini?"

Msikilizaji akamtajia jina la mtu anayelia, mtaa aliotoka, na usiku aliponyamaza. Daktari akainuka, akafunga dirisha.

"Bibi, huu si ugonjwa. Hii ni siasa. Siasa sina dawa yake."

"Ungesema mapema, dokta, ningekuletea yule mlevi."

Ouani nako mnywaji alikuwa ameacha kutetemeka, ila hakukumbuka alikuwa akinywa kwa nini. Asiyemjua adui yake humpisha njiani na kumsalimu. Alipoachiwa tu, alishuka bandarini akatafuta chupa.

Wakarudi wote nyumbani, wakalala kitanda kimoja. Mikono ya mnywaji ikitetemeka, msikilizaji aliishika. Vilio vikizidi, mnywaji aliuliza, "Leo ni nani?" Akitajiwa jina, alikwenda dirishani akalitangaza kwa sauti ya kuli wa bandarini. Siku nyingine aliteleza, akanywa. Kesho yake wakaanza upya. Majina yalifika mpaka msikitini.

Ndipo mzee Inzoudine, mkubwa wa mtaa, akaja na wenzake.

"Binti yetu, mwendawazimu mtaa unamvumilia. Mlevi, tunafumba macho. Wote wawili, na kelele hizi dirishani, na wale Wazungu wana masikio? Hapana. Mtoe mmoja."

"Yupi, mzee?"

"Chagua mwenyewe."

"Nyumba hii alijengewa nani?"

Wazee wakatazama mkeka. Baba hujenga kwa ajili ya binti, na kila mmoja wao alilala katika nyumba ya mkewe, akiombea asije akaambiwa atoke.

"Alijengewa Ramlati," akasema Inzoudine.

"Basi kaka yangu ni mmoja, hata akiwa wawili. Waganga wamemkata vipande, sasa nyinyi mnataka kutupa kimoja. Kunyweni chai, inapoa."

Walikunywa. Ilikuwa chai nzuri, yenye mchaichai, na dirishani yalitajwa majina matatu kabla hawajamaliza.

Baada ya Idi, meli ilileta habari kutoka Moroni. Kile chumba kisichofagiwa bado kilikuwa na kufuli, na kambi ilikuwa imeajiri mfagiaji mwingine, kijana mpole, asiyezoea kunywa.

"Ana dada?" akauliza Ramlati.

Baharia alidhani anaye, huko Vouvouni.

"Mwambie huyo dada asingoje mpaka kaka yake awe wawili. Aje sasa hivi, na atupe jina la huyo kijana mwenyewe, tuanze nalo dirishani kesho."