Mbuta wa Sentimita Hamsini

Wiki iliyopita, kwenye kizuizi cha njia ya Tororo, Prossy, mchuuzi wa samaki, alikutwa na mbuta, yaani sangara, wanane wasiofika sentimita hamsini, urefu wa chini unaoruhusiwa na sheria. Askari walichukua samaki, wakaandika jina lake, wakamwambia akipatikana tena ni mahakamani. Tangu hapo hakuwaza kingine ila mwanawe Daphine, mwenye miezi saba, ambaye sasa hivi alikuwa mgongoni akimtafuna kola. Mama akifungwa, nani angemnyonyesha?

Na wote wanane walipimwa na mtu mmoja: Osire, mvuvi anayemuuzia hapa mwaloni Majanji, mitumbwi inakoshusha samaki, juu ya ubao wake wenye kigingi upande mmoja na mstari mwekundu kwenye hamsini.

Prossy alitoa futi ya fundi nguo.

"Mama Daphine," Osire akasema, "leo umekuja kunishonea suruali?"

Wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu wakacheka. Prossy akanyoosha futi kutoka kwenye kigingi mpaka kwenye mstari. Hamsini kamili. Akarudia. Hamsini.

"Kiuno hujapima bado."

Uso ulimwaka kwa aibu, lakini moyo ulikataa kutulia. Ubao ulikuwa sawa. Basi samaki walijipunguza njiani? Akaacha kutazama ubao, akatazama mikono.

Osire alimshika mbuta vile vile anavyomtoa wavuni, kidole gumba ndani ya mdomo, vingine chini ya taya. Akamvuta hadi kwenye kigingi, akaunyoosha mkia. "Hamsini na nusu." Akamtupa kwenye karai.

"Baba, toa kidole," Prossy akasema.

"Kidole gani?"

"Hicho cha mdomoni. Mfunge mdomo."

Osire akamtazama kama mtu aliyeambiwa apumue kwa sikio. "Mbuta anashikwa hivi. Mimi nashika hivi tangu wewe unanyonya."

"Askari alimfunga mdomo. Nilimwona, sikuelewa."

Akamrudisha samaki ubaoni mwenyewe, akalisukuma kwa kiganja taya lililokuwa limetokeza mbele mpaka likafunga, akamsogeza mpaka pua ikagusa kigingi. Mkia ukabaki nyuma ya mstari. Arobaini na tisa.

Kicheko kikakoma. Prossy alitafuta ujanja usoni mwa Osire, akaona mshangao. Lakini hata mshangao mtu huweza kuuvaa.

"Ulikuwa unajua?"

"Ningejua, kesho ningeuzia nani?"

Hilo halikuwa jibu. Prossy akapindua karai, akapima upya wote kumi na mmoja aliokuwa amepimiwa, midomo imefungwa. Wanne tu walipita.

"Sentimita moja, mama," Osire akasema kwa sauti ya chini. "Nani atakuuliza sentimita moja?"

"Waliouliza wiki iliyopita."

Akawafunga wanne kwenye gunia, mzigo wa kumchekesha mwenye bodaboda, akapanda ngazi za mwalo. Nyuma yake mnunuzi mwingine alikuwa ameshainama juu ya ubao. Prossy alisimama, akageuka aone kidole kiko wapi.