Jasho la Ukuta

Picha ilipigwa karibu mno, kosa la watu wote wenye hofu. Haikuwa na juu wala chini. Ulikuwa weusi mtupu unaong'aa, wenye wekundu kwa ndani kama chai iliyokolea ikiinuliwa dirishani, na katikati yake kimenasa kijiti chembamba chenye vinyweleo. Aliyeituma aliandika chini: "Ukuta wetu unatoka jasho. Mume wangu anasema tuhame. Tafadhali niambieni hiki ni nini."

Simu ya maabara ilipokea picha za namna hiyo kila siku. Watu walipiga picha ukungu wa chupani, madoa ya kwenye unga, nyuzi zinazoelea majini, kisha wakauliza kama watakufa. Kazi ya kuwajibu ilikuwa ya mwanamke ambaye wenzake walimbatiza Hadubini, kwa kuwa hakuna uchafu uliowahi kumpita. Hata mchuzi wa kantini alikuwa hauli kabla ya kuuchungulia, na ndiyo maana wengi walikwepa kukaa naye meza moja.

"Lami hiyo," alisema mkuu wa maabara, ameinama begani kwake na kikombe mkononi. Alikuwa mzee mcheshi, amebakiza miezi minne astaafu, na dunia haikuwa na jambo la kumharakisha.

"Lami haina vinyweleo, mzee."

"Basi jini kapenga kamasi."

"Na hilo nitaliandika wapi kwenye fomu?"

"Andika halikugundulika."

Wakacheka. Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya maabara ile, na mkuu alikuwa amemfundisha Hadubini mwaka wake wa kwanza kwa kumchania ripoti mbele ya wenzake. Usiandike kamwe kwamba kitu hakipo. Andika kwamba hakikugundulika, utaje ulikitafuta kwa chombo gani na kwa muda gani, maana huenda kipo na wewe ndiye uliyeshindwa kukiona. Hadubini aliishika sheria ile hata akawa anawafundisha wageni, naye pia amewahi kuchana ripoti za watu.

Akamjibu yule mwanamke arudi nyuma hatua mbili, aweke kando ya kitu chenyewe kijiko cha chai ili ukubwa ujulikane, apige tena.

Picha ya pili ikaja. Kijiko kilikuwepo. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa mbao uliopakwa rangi ya kijani ya mafuta, na ule weusi ulichuruzika kwenye kiungo cha mbao mbili. Kushoto kwa kijiko, rangi ilikuwa imebonyezwa alama za mviringo, ishirini au zaidi, zimepandana, kila moja sawasawa na mdomo wa glasi.

Hadubini aliisogeza simu karibu na macho. Alizijua alama zile. Alimjua na aliyezitia.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Alishona miaka thelathini katika chumba kile cha kijani, na miguu ilipomshinda kukanyaga cherehani akabaki humo peke yake na marehemu mumewe wa kwenye fremu. Ndipo alipoanza kusema kwamba kuna watu wanashona ndani ya ukuta. Wengi, akasema, na hawapumziki. Alikuwa akiweka glasi ukutani, sikio juu ya kitako cha glasi, akafumba macho. Majirani wakaanza kunong'ona, na minong'ono ya majirani haina kufuli.

Hadubini alikwenda Jumapili moja. Alisimama katikati ya chumba, mkoba begani, akahesabu labda hadi kumi.

"Mama, mimi sisikii kitu."

"Huko katikati utasikia nini? Njoo hapa, weka sikio."

"Nina safari, mama."

"Lisemwalo lipo, mwanangu," mama alisema, akamnyooshea glasi. Hadubini hakuipokea.

Wiki iliyofuata alimpeleka hospitali, ile ya nje ya mji yenye geti refu. Mama alipoanza kueleza habari za washonaji, yeye aliona haya, akamkatiza. "Mtusamehe, daktari. Amechoka tu huyu." Kisha akapewa fomu, na pale palipoulizwa hali ya mgonjwa akaandika kwa mwandiko wake safi wa maabara: Anasikia sauti zisizokuwepo. Akatia sahihi. Miaka mitatu sasa, na mama bado yuko huko. Dalali aliipangisha nyumba, na Hadubini hakuwahi kuwaona wapangaji wala kukanyaga tena pale.

"Umeona nini?" mkuu aliuliza.

"Kile kijiti." Alikigusa kwa kidole kwenye kioo cha simu. "Ni mguu wa nyuki. Hii ni asali, mzee."

"Asali! Na watu wanataka kuhama? Si walete mkate!" Kisha akamwona uso, akaziona na alama za glasi. Alijua habari za mama. Ndiye aliyetoa ruhusa ya siku tatu za kumpeleka. Akaweka kikombe mezani na hakutania tena.

Jumamosi Hadubini alikwenda kwenye nyumba ile na mrina asali. Kabla hajawasha moshi, Hadubini alimwomba asubiri. Akaenda kwenye zile alama. Ilimbidi ainame, kwa kuwa zilikuwa kwenye kimo cha sikio la mama, na mama ni mfupi. Akaweka shavu ubaoni. Humo ndani palikuwa na karakana nzima ya vyerehani, kila kimoja na mwendo wake, na hakuna aliyepumzika. Alilia pale pale, ameegemea ukuta, mbele ya mpangaji wake asiyejua amwambie nini. Kisha akatoa simu, akairekodi sauti ile.

Mbao zilipobanduliwa, masega yalining'inia tangu darini hadi magotini, meusi tititi.

"Sega halianzi hivi," alisema mrina asali. "Huwa jeupe. Mpaka lifike weusi huu, hawa wana miaka saba humu, kama si minane."

Mganga hajigangi. Tangu siku ile mvumo ulimfuata: aliusikia kwenye friji ya maabara, kwenye taa ndefu za darini, kwenye birika kabla maji hayajachemka. Kila alipousikia alisimama kidogo, akajikuta ametega sikio.

Hospitalini mama alikuwa ameketi kitandani, amenenepa kwa dawa, mikono imetulia juu ya blanketi kama si yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Hadubini akaweka kichupa cha asali mezani. Maneno aliyoyapanga njia nzima yakamkimbia. "Mama, nisamehe. Ulikuwa unasema kweli. Ni nyuki. Ukuta ulikuwa umejaa nyuki, na mimi sikuweka sikio."

Mama akatazama mlangoni. "Sema polepole."

Hadubini akafungua simu, akaisogeza sikioni mwake. Mvumo ukatoka. Uso wa mama ukafunguka. Vidole vikaanza kusukuma ncha ya blanketi mbele, taratibu, chini ya sindano isiyoonekana, na miguu huko ndani ikaanza kukanyaga. Kisha vyote vikasimama kwa pamoja.

"Mimi sisikii kitu," alisema, kama mtoto anayesoma ubaoni. "Nilikuwa mgonjwa. Sasa nimepona."

"Mama, hii ni kweli. Hata mimi nasikia."

Mama akamsogelea. Halafu akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Umeanza lini?"

"Kuanza nini?"

"Kuwasikia." Machozi yalimlengalenga. "Maskini mwanangu. Kila siku nilikuwa naomba yasikufike. Sasa nisikilize. Wakikuuliza, sema husikii kitu. Mimi nilisema, ndipo yakanikuta haya. Mwanzo ni vigumu, halafu unazoea."

Nesi akaingia na sinia la dawa. Akasimama. "Mbona kama kuna kitu kinavuma humu?"

"Hakuna," mama aliwahi, na kucha zake zikamzama Hadubini kiganjani.

Nesi akamgeukia binti.

"Kuna nyuki," alisema Hadubini. "Walikuwepo siku zote. Nataka kumwona daktari. Ile fomu niliiandika mimi, na nilikosea."

Mkono wa mama ukamwachia. Bibi yule akajiweka sawa kitandani, akanyoosha blanketi, akamwinulia nesi uso wenye haya na huruma.

"Mtusamehe, nesi," alisema. "Amechoka tu huyu."

Simu ilikuwa bado inavuma juu ya blanketi.